Fundi Pandisha, Mtu wa Zaburi na Lifti

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Pandisha, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, saa moja asubuhi. Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita. Baba yake alikuwa mwashi. Mama yake alifagia na kupiga deki kanisa kwa miaka thelathini na moja, na alikuwa akisema kwamba mtoto huyo hakuwahi kumchelewesha kazini isipokuwa siku ile moja aliyozaliwa.

Mama huyo hakujua kusoma. Zaburi alizipata kwa masikio, fagio likiwa mkononi, ibada baada ya ibada, mpaka zaidi ya sitini zikamkaa kichwani. Nyumba yao haikuwa na saa ya ukutani, basi Zaburi ndizo zilizokuwa saa. Chai ilikaa motoni kwa muda wa ile ya 103, nzima, bila kuruka mstari. Yai lilichemshwa kwa ya 23 mara tatu kwa mtu anayelipenda laini, na mara tisa kwa baba mwenye nyumba. Mtoto aliyekosa adabu alikalishwa chini akasikilizishwa ya 119, ambayo, kwa asiyeijua, ina mistari mia moja sabini na sita. Ashukuriwe Mungu, mama mwenyewe aliijua nusu tu. Kwa hiyo tangu utotoni marehemu hakuzijua Zaburi kama kitu cha kuvaliwa Jumapili na kurudishwa kabatini. Zilinukia sabuni na moshi wa jiko.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959 na kumaliza mwaka 1966. Wadogo zake wanasimulia kwamba akiwa darasa la tano mwalimu wa dini aliuliza, "Nani anaweza kuniambia Zaburi zinahusu nini?" Wenzake wakajibu kusifu, wengine kushukuru. Yeye akasimama akasema, "Kulalamika, mwalimu." Darasa zima likacheka. Mwalimu akamwita mbele, na kila mtu akajua mkono wake uko mashakani.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Mama. Anasema Daudi alimlalamikia Mungu ili asiwasumbue majirani."

Mwalimu akaweka fimbo chini, akamwambia arudi kwenye dawati lake. Neno hilo la mama ndilo marehemu aliloishi nalo hadi mwisho, ingawa, kama mtakavyosikia, kulishika hakukuwa rahisi.

Baada ya kukaa nyumbani miaka miwili akimbebea baba yake matofali, alijiunga na chuo cha ufundi mwaka 1969, akahitimu ufundi umeme mwaka 1971. Jumatatu tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa na kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti. Asubuhi hiyohiyo aliajiriwa kijana mwingine, mrefu, mwembamba, amenyooka kuanzia kisogoni hadi kisiginoni. Kabla ya chai ya saa nne mafundi walikuwa wameshampa jina la Msumari. Hao wawili wakawa pete na kidole. Walishiriki benchi moja, kisanduku kimoja cha vifaa, na kwaya moja.

Marehemu alikuwa na utaratibu wake kazini. Akishuka kwenye shimo la lifti, kule chini kabisa kwenye giza na mafuta, alisema Zaburi ya 130, ile ya mtu anayemwita Mungu kutoka mahali pa kina. Akipanda kwenye chumba cha mashine, juu ya ghorofa zote, alisema ya 121, ya mtu anayeinua macho. Msumari alimwambia, "Wewe, siku ukizichanganya hizo tutabaki katikati!"

Familia imeombwa isifiche kitu, na haitaficha. Jumamosi tarehe 9 Oktoba 1976 marehemu alitumwa kukagua lifti ya jengo la ghorofa saba. Saa nane alikuwa na mazoezi ya kwaya, na siku hiyo alikuwa amevaa suruali mpya ya kijivu. Chumba cha mashine alikikagua vizuri. Shimo alilimulika kwa tochi akiwa amesimama juu, akitazama mafuta yaliyotapakaa kule chini, kisha akaitazama suruali yake. Kwenye kadi ya ukaguzi akaandika kwamba ameshuka na kusafisha kufuli la mlango wa chini. Akatia saini. Akaenda kuimba.

Jumatatu yake kufuli lile lilikosa mguso wa umeme, na lifti ikikosa mguso husimama popote ilipo. Ilisimama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ikiwa na mtu mmoja ndani: fundi cherehani, dada wa miaka ishirini na minne, amebeba furushi la sare za wahudumu. Alikaa humo saa moja na dakika arobaini. Msumari alikuwa juu anazungusha gurudumu la mashine kwa mkono, na marehemu alikuwa mlangoni anamtuliza.

"Mama, usiogope! Sema pamoja nami Zaburi ya 46!"

"Fundi," sauti ikajibu kutoka ndani, "Zaburi nitaisema nikiwa nje. Wewe fungua mlango!"

Alipotoka alimtazama kuanzia juu mpaka chini. "Na mimi si mama yako," akasema, akachukua furushi lake akashuka kwa ngazi.

Kampuni ilidhani ni hitilafu ya kawaida. Hakuna aliyemshuku. Lakini marehemu alikaa siku kumi na moja chakula kikimshinda, na kila alipoisoma Zaburi ya 32, ya mtu aliyenyamaza mpaka mifupa ikachoka, alihisi inamsema yeye. Tarehe 22 akaingia kwa msimamizi wake, akasema, "Niliandika nimeshuka. Sikushuka." Alisimamishwa wiki mbili na kupewa barua ya onyo. Barua hiyo aliitunza maisha yake yote, pamoja na vyeti vyake, na aliwaonyesha watoto wake kabla hawajaanza kazi.

Kisha akaenda kwenye chumba cha kushonea cha yule dada, akamweleza yote, akiwa amesimama karibu na mlango kama mtu aliyejiandaa kukimbia. Dada akasimamisha cherehani.

"Yaani mimi nimefungiwa kwenye sanduku kwa ajili ya suruali?"

"Ndiyo, dada."

"Ni hii uliyovaa?"

"Ndiyo hii."

Akainama akaitazama. "Hata pindo lake limepinda! Afadhali ingekuwa suruali ya maana. Ilete kesho nikutengenezee."

Aliipeleka kesho yake, na keshokutwa akaenda kuifuata, na baada ya hapo akawa na nguo nyingi ajabu zinazohitaji marekebisho. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 22 Aprili 1978. Msimamizi wa bwana harusi alikuwa Msumari. Mungu akawabariki watoto wanne, wasichana wawili na wavulana wawili. Tangu ile barua ya onyo hadi siku aliyostaafu, marehemu hakutia tena saini juu ya kitu ambacho macho yake hayakukiona.

Wapendwa, sasa tunafika mahali ambapo familia inajivunia zaidi, na ambapo marehemu mwenyewe alijivunia kidogo kabisa.

Alhamisi tarehe 8 Juni 1989 alitumwa kukagua lifti ya jengo la ghorofa tisa lililokuwa limekarabatiwa. Sherehe ya kulifungua ilikuwa Jumamosi, keshokutwa yake. Kuta zilikuwa na rangi mpya, mlango wa lifti uling'aa, lakini mashine ilikuwa ileile ya zamani. Alipima pedi za breki mara tatu. Mwenye jengo akamsubiri mlangoni na kadi mkononi.

"Vipi, fundi? Tayari?"

"Bado, mzee. Pedi zimebaki milimita mbili. Kadi inataka tatu."

"Milimita moja ndiyo inizuie kufungua jengo langu?"

"Jengo fungua tu. Milimita moja inazuia kalamu yangu."

"Lakini lifti si inapanda na kushuka?"

"Inapanda na kushuka. Mimi naulizwa kuhusu kusimama."

Alikuwa akiikumbuka Zaburi ya 15, ile inayomtaja mtu aliyeapa akashika neno lake hata kama linamuumiza. Na lilimuumiza. Pedi mpya zilihitaji miezi mitatu kufika. Mwenye jengo aliomba kampuni imtumie fundi mwingine. Ijumaa akaenda Msumari, ambaye alikuwa ameahidiwa cheo cha msimamizi. Naye akatia saini.

Tarehe 30 Juni marehemu aliachishwa kazi kwa kosa la kutoshirikiana na wateja. Alikuwa na miaka kumi na saba kazini, mke, na watoto wanne, mdogo akiwa ananyonya.

Na lifti ile, wapendwa, haikuanguka. Wageni walipanda, wakashuka, wakala, wakarudi makwao. Julai ikapita, Agosti ikapita, lifti inafanya kazi. Mtaani watu wakamtania, "Fundi Pandisha, mbona haijashuka?" Kwenye ngazi za kanisa mzee mmoja wa kwaya alimwambia, "Ulijifanya mtakatifu kuliko kadi yenyewe." Yeye aliitikia salamu, akapita. Kwa majirani hakulalamika hata kwa nusu sentensi. Yeye na Msumari walipokutana kwenye kwaya walisimama mistari tofauti, wakaimba bila kutazamana.

Kwa Mungu je? Kwa Mungu alilalamika kila siku. Alikuwa amehamishia kazi kwenye chumba cha stoo nyuma ya nyumba, akisuka upya nyaya za mota za pampu na za mashine za kusaga, na mkewe akiwa kwenye cherehani alimsikia kupitia ukutani. Alisoma ya 55, inayomlilia rafiki mliyekuwa mkienda pamoja nyumbani mwa Mungu. Alisoma ya 73, ya mtu aliyekaribia kuteleza kwa kuona wabaya wanavyostawi. Alisoma hata ya 58, inayomwomba Mungu avunje watu meno, na mkewe anasema aliisoma kwa sauti ya mtu anayetaja meno anayoyajua.

Ijumaa tarehe 15 Septemba, jua likiwa bado juu ya paa, walikuwa wanakunja shuka pamoja, kila mmoja ameshika ncha zake. Marehemu akasimama katikati ya kukunja.

"Mama watoto, leo nimeomba vibaya."

"Umeomba nini?"

"Nimeomba lifti ianguke."

Mkewe hakuachia shuka. "Ikiwa na watu?"

"Hapana! Ikiwa tupu. Kidogo tu. Ghorofa moja."

"Ili iweje?"

"Ili wajue."

"Wajue kwamba baba watoto alikuwa sahihi."

"Ndiyo."

Mkewe akasogea, akaunganisha ncha zake na za mumewe, akampa shuka likiwa limekunjwa. "Mimi nimewahi kukaa kwenye lifti iliyokwama," akasema. "Humo ndani huwezi kuwaza nani alikuwa sahihi."

Marehemu alisimama na shuka lile mikononi muda mrefu. Baadaye alisema kwamba miezi mitatu yote alidhani anamwambia Mungu habari za Msumari, na siku hiyo ndipo alipogundua Mungu alikuwa anasikiliza habari zake mwenyewe.

Kesho yake, Jumamosi, alichukua kisanduku cha vifaa akaenda kwenye lile jengo. Alipanda ngazi ghorofa zote tisa kwa miguu. Ndani ya chumba cha mashine alimkuta Msumari amekalia ndoo iliyopinduliwa, sikio kaligeuzia mashine.

"Umekuja kucheka?" Msumari akauliza.

"Nimekuja na vifaa."

Msumari akainamisha kichwa. "Kila asubuhi nakuja kuisikiliza kabla watu hawajaingia. Tangu Juni. Sijakosa siku."

"Imebaki ngapi?"

"Moja na nusu."

"Na pedi mpya?"

"Zimefika jana. Siwezi kuzifunga peke yangu, na kumwita fundi mwingine naona haya. Ataona nilichokitia saini."

"Mimi nimeshakiona," marehemu akasema, akavua shati. "Shika tochi."

Walishuka kuzima lifti. Msumari alitaka waandike kwenye mlango kwamba inasafishwa. Marehemu akakataa, akachukua chaki akaandika kwa herufi kubwa: BREKI INATENGENEZWA. Mwenye jengo alipofika na kuisoma alifoka mpaka walinzi wakatoka nje, lakini hakuna aliyeifuta. Walifanya kazi saa nne. Wakati wa kujaribu, marehemu alishuka shimoni na Msumari akabaki juu, na kutoka chini kule ikasikika ile ya 130, na kutoka juu ikajibiwa ya 121.

Jumatatu Msumari aliandika kwenye kadi vipimo vya kweli vya Juni, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa kampuni. Alinyang'anywa cheo, akapewa barua yake ya onyo. Alikuja nayo kwa marehemu, akaiweka mezani. "Haya," marehemu akamwambia, "sasa kila mtu ana yake." Walicheka hadi Mama akatoka kwenye cherehani kuuliza kulikoni.

Marehemu hakurudishwa kazini, wala hakuomba. Aliendelea na karakana yake ya mota hadi mwaka 1996, alipoajiriwa na hospitali kuwa fundi wa lifti na mitambo. Huko alifanya kazi hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011. Kwa miaka kumi na tano hakuna mgonjwa aliyekwama kwenye lifti ya hospitali ile kwa kosa lake.

Kuanzia mwaka 1992 hadi 2021, kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, aliongoza darasa kanisani aliloliita Zaburi za Kazini. Mtu alileta kazi yake, yeye akaleta Zaburi. Muuguzi mmoja alisema hana muda wa kusali, akampa ya 117. "Ina mistari miwili tu, binti yangu. Ukiianza lifti ikiwa chini, inaisha kabla hujafika ghorofa ya tatu." Mhasibu aliyesingiziwa na mkubwa wake alikuja amevimba kwa hasira, akaambiwa, "Funga mlango, mtajie Mungu jina lake lote na la baba yake. Sema yote. Ukimaliza, nenda ukamsalimie." Baada ya wiki mhasibu akarudi. "Nimemsalimia, mzee. Hakuitikia." "Basi una la kumwambia Mungu leo," marehemu akajibu.

Alianza kukohoa Agosti 2021. Novemba mwaka huo madaktari waligundua mapafu yake yamejaa makovu. Tangu mwaka jana alipumua kwa msaada wa mtungi wa hewa. Hakujifanya shujaa. Alipoulizwa hali alisema, "Vibaya," akashukuru kwa kuulizwa. Siku moja walikuja wageni watatu kwa nyakati tofauti, na kila mmoja akamsomea Zaburi ya 23. Wa tatu alipomaliza, marehemu akasema, "Ahsante, yai limeshaiva. Sasa nisomee ya 88."

Mgeni akaisoma hadi mwisho, uso ukimbadilika. "Mzee, hii mbona inaishia gizani?"

"Inaishia gizani, na bado anaongea na Mungu. Ungeongea na mtu usiyeamini kwamba yupo?"

Jumapili tarehe 14 Januari 2024 Msumari alikuja kumwona, akakaa kando ya kitanda, akawasimulia watoto habari za breki, ambazo hadi siku hiyo wazazi wao walikuwa hawajawaambia. Walijua tu kwamba Baba alifukuzwa kazi kwa kukataa kusaini. Aliposimulia walilia, na binti mkubwa, ambaye ni mwalimu, akasema, "Baba, hii itaandikwa."

Marehemu alitikisa kichwa. Akavuta hewa mara kadhaa kabla ya kuweza kusema.

"Andika. Lakini usiandike nusu."

"Nusu gani, Baba?"

"Nusu nzuri. Andika na kwamba niliomba ianguke."

"Baba, kwa nini watu wajue hilo?"

"Kuna mtu atakayekuwa amekaa pale mazishini," akasema, "ana jambo amemwomba Mungu wiki hii, analionea haya. Ajue kwamba linaombeka. Na ajue kesho yake achukue vifaa."

Basi limeandikwa, kama alivyoagiza.

Marehemu aliaga dunia Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, wiki tano kabla ya kutimiza miaka sabini na mitatu.

Ameacha mke wake mpendwa, fundi cherehani, aliyeshona suti aliyovalishwa marehemu leo na kunyoosha pindo lake mwenyewe, watoto wanne, mwalimu, muuguzi, fundi umeme na dereva, wakwe watatu, wajukuu tisa, kaka mmoja na dada wawili, pamoja na wanafunzi wa Zaburi za Kazini, ambao hatuwezi kuwahesabu.

Ameacha pia ndugu mmoja asiyezaliwa naye, Msumari, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Familia ilipomuuliza angependa kazi gani katika mazishi haya, alikataa kuhutubia, akakataa kukaa viti vya mbele. Aliomba kamba. Jana mchana alikaa uani akazikagua kamba zote zitakazomshusha rafiki yake, akizipitisha vidoleni urefu wake wote, kipande kwa kipande. Moja aliirudisha. Zilizobaki ameridhika nazo, na yeye ndiye atakayesimama juu kuzishika.

Pumzika kwa amani, Fundi.